Sanaa za Umma na Matatizo ya Jamii: Uzoefu wa Iringa na Mbeya

UTANGULIZI

Katika semina za makada swali moja hurudi kila mara: sanaa ina kazi gani katika mapambano ya wananchi dhidi ya umaskini, ujinga na maradhi? Majibu tunayoyapata kwa kawaida ni mawili. Wapo wasemao kwamba sanaa ni burudani. Ngoma huchezwa kiongozi anaposubiriwa. Kiongozi akifika, ngoma hukaa pembeni ili kazi ianze. Wapo wengine wasemao kwamba sanaa ni chombo cha kufikishia ujumbe. Ujumbe hutayarishwa ofisini, wasanii hupewa wautie katika wimbo, na wananchi huupokea. Majibu haya yanaonekana kupingana, lakini yana kosa moja. Yote mawili yanamwona mwananchi kuwa ni mtu wa kutazama na kupiga makofi.

Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki majibu hayo kwa kutumia uzoefu wa Iringa na Mbeya. Tumeichagua mikoa hii kwa sababu mbili. Kwanza, tumefundisha siasa katika vijiji na matawi ya huko, tumeona maonyesho mengi, na katika baadhi yake tumeshiriki makosa tutakayoyataja. Pili, Nyanda za Juu Kusini zina mkinzano ambao kada hawezi kuupita kimya. Eneo hili ni ghala la chakula la Taifa. Hata hivyo, utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Iringa iliongoza nchi nzima kwa udumavu wa watoto wenye umri chini ya miaka mitano, kiasi cha asilimia 57, wakati wastani wa Taifa ulikuwa asilimia 30. Njombe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya mkoa wa Iringa, ilikuwa na kiasi cha asilimia 50.

Na hii ndiyo Iringa ileile ambayo katika miaka ya 1980 ilitajwa katika mataifa mengi kuwa mfano wa kampeni ya lishe iliyowashirikisha wananchi. Kampeni hiyo iliimbwa, ikachezwa na kuigizwa. Nini basi kilitokea kati ya wimbo na bakuli la mtoto? Hilo ndilo swali letu.

1. TULIKOTOKA

Haifai kudhani kwamba sanaa inayozungumzia matatizo ya jamii ililetwa na miradi. Wahehe, Wabena, Wakinga, Wanyakyusa, Wasafwa na Wanyiha walikuwa na nyimbo za kulima, za kutwanga, za harusi na za msiba, na ndani ya nyimbo hizo jamii ilijihukumu. Mvivu aliimbwa, mchoyo aliimbwa, na mkubwa aliyewaonea watu aliimbwa kwa mafumbo. Neno ambalo mtu asingethubutu kulisema barazani alilisema ngomani, na desturi ikamlinda. Tusizipambe jamii hizo kupita kiasi. Zilikuwa na ubaguzi wake, hasa dhidi ya wanawake. Lakini katika ngoma hizo hapakuwa na ukuta kati ya msanii na mtazamaji. Aliyeimbwa alikuwapo, naye aliweza kujibu.

Ukoloni ulivuruga utaratibu huo. Ngoma nyingi zilipigwa marufuku au zilidharauliwa kuwa ni ushenzi, na shuleni vijana walifundishwa kwamba mchezo wa kuigiza ni ule unaotoka Uingereza. Kwa hiyo mwaka 1962 Serikali ya Jamhuri ilipounda wizara ya utamaduni wa taifa, ilikuwa ikijibu jeraha la kweli.

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, wasanii waliitika. Mathias Mnyampala aliieneza ngonjera, ushairi wa majibizano, ikafika katika kila shule na kila mkutano wa hadhara. Vikundi vya ngoma na vichekesho viliundwa viwandani, jeshini na vijijini. Kazi hiyo ilikuwa kubwa, na anayeibeza leo hajui hali ya wakati ule. Azimio lilieleweka kwa watu wasiojua kusoma kwa sababu liliimbwa.

Hata hivyo kukosoa na kujikosoa kunatutaka tuseme na upande wa pili. Katika ngonjera nyingi mjinga anauliza, mwerevu anajibu, na mwisho mjinga anakubali. Hatukuzoea kumwona mjinga akiuliza swali ambalo mwerevu hana jibu lake. Taratibu sanaa ikawa kipaza sauti cha maamuzi yaliyokwisha kufanywa. Wasanii walisifu kijiji kilichofanikiwa, lakini ni wachache walioigiza kijiji kilichoshindwa na kueleza kwa nini kilishindwa.

Katika kipindi hichohicho tulikuwa na mfano bora zaidi. Kampeni za elimu kwa redio, yaani Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, ziliwakusanya watu katika vikundi vya kusikiliza. Mtu ni Afya peke yake ilishirikisha watu wapatao milioni mbili. Nguvu ya kampeni hizo haikuwa redio tu. Kipindi kikiisha, kikundi kilijadili, kiliamua, kisha kilikwenda kuchimba choo. Sauti ilitoka Dar es Salaam, lakini uamuzi ulifanywa chini ya mwembe.

Hatua iliyofuata ilichukuliwa na walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1982 na 1983 Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo mkononi. Wanakijiji walichunguza wenyewe matatizo yao, likiwamo la wasichana kupata mimba za mapema na vijana kukosa kazi, wakayachambua, wakayatunga katika ngoma na maigizo yao, wakayaonyesha, kisha wakakaa kuyajadili na kutafuta hatua za kuchukua. Utaratibu huo ndio ulioitwa baadaye sanaa kwa maendeleo. Tunautaja Malya ingawa uko mbali na Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu unatupa kipimo cha kuyapimia yaliyofanyika Iringa na Mbeya. Kipimo chenyewe ni hiki: nani amelitambua tatizo, nani amelichambua, na onyesho likiisha nini kinafuata.

2. IRINGA: LISHE, KIMEA NA JEMBE LA MAMA

Mpango wa lishe wa Iringa ulianza mwaka 1983 kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, Shirika la Afya Duniani na fedha za Serikali ya Italia. Katika hatua ya kwanza ulihusu vijiji 168 katika mkoa wa wakati ule, uliojumuisha Mufindi, Njombe, Makete na Ludewa. Uliendeshwa kupitia vyombo vya Chama na Serikali, kuanzia mkoa hadi kwa balozi wa nyumba kumi. Kila kijiji kilikuwa na siku ya afya ambapo watoto walipimwa uzito, na matokeo yalipelekwa mbele ya viongozi na wananchi wa kijiji. Filamu, ngoma, nyimbo na maigizo vilitumika kuwaamsha watu, kwa kuwa utapiamlo hauonekani kwa macho mpaka umefika mbali. Mtoto aliyedumaa anacheza, anacheka, na mzazi haoni ugonjwa.

Matokeo yalikuwa ya kweli. Kati ya mwaka 1984 na 1988 watoto wenye uzito pungufu katika vijiji hivyo walishuka kutoka kiasi cha asilimia 56 hadi kiasi cha asilimia 38, na wale wenye utapiamlo mkali walishuka kutoka zaidi ya asilimia 6 hadi chini ya asilimia 2.

Tujiulize: sanaa ilikuwa na sehemu gani katika ushindi huo? Jibu letu ni kwamba wimbo ulifanya kazi kwa sababu uliimbwa kando ya mizani. Siku ya kupima, wananchi walikuwa na takwimu zao wenyewe. Walijua ni watoto wangapi wa kijiji chao wako katika rangi nyekundu ya kadi. Hapo wimbo haukuwa mahubiri. Ulikuwa mwanzo wa mjadala. Mjadala ulifika mahali ambapo wataalamu peke yao wasingefika. Ilionekana wazi kwamba tatizo halikuwa kukosa mahindi tu. Mtoto mdogo ana tumbo dogo. Anahitaji kula mara nyingi kwa siku, lakini alikuwa anakula mara mbili. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu mama yuko shambani tangu alfajiri, akitoka huko anachota maji na kutafuta kuni, na moto huwashwa asubuhi na jioni. Kwa maneno mengine, chanzo cha utapiamlo kilikuwa pia katika mgawanyo wa kazi ndani ya nyumba. Kutokana na uchambuzi huo vijiji vilianzisha vituo vya kulelea watoto mchana. Wimbo wa kumwambia mama ampe mtoto uji mara tano, bila kuuliza nani atashika jembe wakati huo, ungekuwa wimbo wa kumtukana.

Jambo la kimea linafundisha zaidi. Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe, wakifanya kazi katika kijiji cha Luganga mkoani Iringa, walionyesha kwamba unga wa nafaka iliyooteshwa na kukaushwa ukitiwa kidogo katika uji mzito, uji hulainika bila kuongezewa maji, na mtoto huweza kula chakula kingi zaidi kwa mara moja. Huu haukuwa ujuzi mgeni. Kila mama wa Iringa anakijua kimea, kwa sababu ndicho kinachochachulia pombe. Sayansi ilichukua ujuzi wa kilabuni ikaurudisha jikoni. Hapo ndipo penye mkinzano ambao sanaa ingepaswa kuushika: kimea kilekile kinaweza kumnenepesha mtoto au kumlewesha baba, na anayekitengeneza katika hali zote mbili ni mwanamke.

Hapa hatuna budi kusimulia kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulialikwa katika kijiji kimoja cha Mufindi kutazama igizo dhidi ya ulevi lililoletwa na kikundi kutoka mjini. Baba alikuwa mlevi, mama alikuwa mpika pombe, mtoto alidhoofika, na mwisho mama aliomba msamaha na kuvunja mitungi yake. Watu walicheka na kushangilia. Wakati wa maswali mama mmoja wa makamo alisimama, akasema: “Wanangu, mmeigiza vizuri, tumefurahi. Lakini nami ni mpika komoni. Mahindi akiuza baba, fedha ni ya baba. Ulanzi akigema baba, fedha ni ya baba. Fedha yangu mimi ni ya komoni tu, na ndiyo iliyonunua sare za watoto. Mitungi nikishaivunja, nifanye nini?”

Wasanii walitazamana. Igizo lao halikuwa na jibu, kwa kuwa walioliandika hawakuwahi kumuuliza mwanamke yeyote wa kijiji kile kwa nini anapika pombe. Mwenyekiti wa kikao akamshukuru mama kwa mchango wake mzuri, akatangaza kwamba muda umekwisha. Sisi tulikuwa meza kuu. Tulipiga makofi pamoja na wengine, tukapanda gari. Swali lile lilikuwa ndiyo kazi yetu ya siasa kwa mwaka mzima katika kijiji kile: umilikaji wa mapato ndani ya kaya, ushirika wa akina mama, shamba na mazao yake. Tuliliacha barazani kama ganda la muwa.

Turudi sasa kwenye takwimu za mwaka 2022. Tuwe waangalifu: uzito pungufu wa mwaka 1984 na udumavu wa mwaka 2022 si kipimo kimoja, na haiwezekani kusema kwamba sanaa ndiyo iliyoshindwa. Sababu ni nyingi. Lakini ni dhahiri kwamba wimbo uliobaki peke yake hautoshi. Siku ya kupima ilipofifia katika vijiji vingi, vituo vya kulelea watoto vilipokosa wa kuvihudumia, na matokeo yalipoacha kuwa ajenda ya mkutano wa kijiji, wimbo wa lishe ulibaki kuwa wimbo wa maadhimisho. Watoto wa shule wanauimba vizuri mpaka leo. Baadhi ya wanaouimba wamedumaa.

3. MBEYA: BARABARA KUU NA MHUDUMU WA BAA

Kutoka Iringa barabara kuu inakwenda Makambako, inapita Mbeya, inafika Tunduma mpakani mwa Zambia. Barabara hiyo, pamoja na reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976, ilijengwa ili Zambia isitegemee njia za makaburu na walowezi. Ni kazi ya ukombozi. Lakini njia ya ukombozi ilikuja kuwa pia njia ya maradhi, kwa sababu palipo na malori yaliyosimama, madereva walio mbali na nyumbani na wasichana wasio na kazi, UKIMWI ulipata mlango.

Mkoa wa Mbeya ulianza mapema mpango wake wa kudhibiti UKIMWI, mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa ushirikiano na Ujerumani. Katika miaka iliyofuata, Mbeya na Iringa ziliona mafuriko ya maigizo, kwaya na ngoma kuhusu ugonjwa huo. Utafiti wa mwaka 2003 na 2004 ulionyesha kwamba mikoa hii miwili iliongoza nchini, kila mmoja ukiwa na maambukizi ya zaidi ya asilimia 13 kwa watu wazima wa umri wa miaka 15 hadi 49, wakati Taifa lilikuwa na asilimia 7. Utafiti wa mwaka 2007 na 2008 ulionyesha Mbeya ikishuka hadi kiasi cha asilimia 9, lakini Iringa ikipanda hadi karibu asilimia 16. Hatupaswi kutumia takwimu hizi kama fimbo, maana dawa za kurefusha maisha zimewawezesha wagonjwa kuishi, na hilo nalo huongeza idadi ya wanaohesabiwa. Tunazitaja ili msomaji auone uzito wa jambo. Watu walikuwa wanakufa, na yatima walikuwa wanalelewa na bibi zao.

Sanaa ilisema nini? Tuseme kwanza lililo jema. Ilivunja ukimya. Katika miaka ambayo familia ziliwaficha wagonjwa na kumtafuta mchawi, igizo lilitaja ugonjwa kwa jina lake hadharani. Hilo lilihitaji ushujaa.

Lakini tazama umbo la igizo tuliloliona mara kwa mara, kuanzia Mafinga hadi Mbalizi. Dereva au mfanyabiashara ana fedha. Mhudumu wa baa, aliyevaa nguo fupi na kupaka midomo rangi, anamshawishi. Mwanamume anaugua, anamwambukiza mkewe aliye mwema nyumbani, wanakufa. Mafundisho: vijana, jihadharini na wanawake wa baa. Kila mtu katika igizo hili ana tabia, lakini hakuna mwenye uchumi. Mwenye baa haonekani. Mshahara wa mhudumu hautajwi, wala halisemwi kwamba pengine halipwi kabisa bali anatarajiwa kujilipa kwa wateja. Haulizwi alitoka kijiji gani, aliacha shule kwa nini, na shamba la baba yake alirithi nani. Foleni ya malori iliyokaa mpakani siku kadhaa haimo katika igizo, ingawa kila mkazi wa Tunduma aliiona kwa macho yake. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa mwaka 2019, kilielezwa kuwa ni jambo la biashara. Ni kweli, lakini kupunguza siku za dereva kukaa mpakani ni kazi ya afya pia, na hatukumbuki igizo hata moja lililowahi kulidai jambo hilo.

Hii ndiyo hatari kubwa ya sanaa ya miradi: humgeuza mnyonge kuwa mkosaji. Tatizo la jamii huwa tatizo la tabia, na tabia huwa ni ya yule asiye na nguvu ya kujitetea.

4. MIZIZI YA UDHAIFU

Udhaifu huu una mizizi yake. Tunataja mitatu.

Mzizi wa kwanza ni utegemezi. Baada ya mwaka 1986, nchi ilipoingia katika marekebisho ya uchumi kwa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, fedha za umma kwa utamaduni zilipungua. Vikundi vilivyokuwa vya viwanda na mashirika ya umma vilikosa wa kuvitunza, na wafadhili wakachukua nafasi hiyo. Anayelipa mpiga zumari ndiye achaguaye wimbo. Mwaka huu fedha ni za malaria, kikundi kinaimba malaria; mwaka kesho ni za mazingira, kikundi kilekile kinaimba mazingira, huku kijiji kikilia kuhusu bei ya mbolea. Hatuwalaumu wasanii, nao wanahitaji kula. Tunasema tu kwamba tatizo lililochaguliwa mbali haliwezi kuitwa tatizo lililotambuliwa na wananchi.

Mzizi wa pili ni kutomhesabu msanii kuwa mfanyakazi. Kikundi cha kijiji huitwa wakati wa ugeni, hucheza juani saa tatu, kisha hupewa soda na fulana. Hapa kuna mfano wa kujifunza. Mjini Iringa, kituo cha kazi za mikono cha Neema kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana kilianza na vijana watatu viziwi. Kilitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, kikaendelea na ufumaji, shanga na kazi nyinginezo, na kikawaajiri watu wengi wenye ulemavu. Katika kituo hicho hakuna aliyehitaji kuimba kwamba mlemavu si ombaomba. Wananchi walimwona kazini, akipokea ujira. Kazi yake ndiyo iliyokuwa hoja. Sanaa inayomlipa mtendaji wake ina heshima ambayo sanaa ya fulana haiwezi kuipata.

Mzizi wa tatu ni mgumu kuutaja katika kurasa hizi, na kwa hiyo hatuna budi kuutaja. Ni woga wetu sisi viongozi na makada. Tunaipenda sanaa inayowakosoa wananchi. Je, tunaipenda inayotukosoa sisi?

Tutoe mfano mmoja. Katika kijiji kimoja cha Mbeya Vijijini kinacholima viazi, vijana walitunga igizo kuhusu lumbesa. Kila mkulima wa Nyanda za Juu Kusini anaujua wizi huu. Gunia hujazwa, kisha huongezewa kilemba cha viazi juu yake, likashonwa kwa kamba, na mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, lakini mizani haipo shambani. Katika igizo mnunuzi alipanda juu ya gunia na kulikanyaga kwa miguu ili lipokee zaidi. Kiongozi wa kijiji alikuwa amesimama kando, amegeuza uso, akihesabu ndege angani. Watu walicheka mpaka machozi, kwa kuwa kila mmoja alimjua anayehesabu ndege.

Baada ya onyesho baadhi ya viongozi walitaka kikundi kizuiwe kwa kuwa kimedhalilisha uongozi. Ubishi ulikuwa mkali. Mwishowe wazee walisema kwamba asiyehesabu ndege hana sababu ya kukasirika, na mjadala ukaendelea hadi jua lilipozama. Kijiji kiliazimia kuwa na mizani yake na kuuza viazi mahali pamoja. Hatusemi kwamba lumbesa imekwisha. Mnunuzi aliyekataliwa hapo huenda kijiji cha jirani. Lakini siku ile tuliona sanaa ikifanya kazi yake. Haikuwaambia wakulima wabadili tabia. Ilionyesha nani anamnyonya nani, na nani anatazama pembeni.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataza viongozi wasiwe wenye kiburi, waonevu na wadharau watu, na ulitamka kwamba maendeleo ni ya watu na ni lazima watu washiriki katika kuyaamua. Igizo la lumbesa lilikuwa ni Mwongozo uliotiwa miguu. Kiongozi anayelizuia hawezi kusema kwamba anaulinda Uongozi. Anajilinda mwenyewe.

5. KAZI YA KADA

Kutokana na uchambuzi huu tunatoa mapendekezo manne kwa makada na wanafunzi watakaofanya kazi vijijini.

(a) Anza na uchunguzi wa wananchi wenyewe. Kabla ya kutunga, kikundi kipite nyumba kwa nyumba, kilabuni, sokoni na kisimani. Wanawake wasikilizwe peke yao, vijana peke yao, kisha wote pamoja. Ikiwa mpika pombe ni mhusika katika igizo, aulizwe kwanza mpika pombe.

(b) Igizo liache swali wazi. Lisimamishwe mahali penye mkinzano, na watazamaji waulizwe wangefanya nini. Mradi wa Tuseme, ulioanza mwaka 1996 katika shule za sekondari na baadaye kuenea katika nchi nyingine za Afrika, uliwaonyesha wasichana kwamba wanaweza kuyataja matatizo yao, kuyaigiza mbele ya walimu na kudai hatua. Kinachowezekana shuleni kinawezekana tawini.

(c) Onyesho lifungamane na kikao chenye mamlaka. Mjadala uandikwe, upelekwe katika mkutano mkuu wa kijiji, na baada ya miezi mitatu kikundi kirudi kuigiza kilichotekelezwa na kisichotekelezwa. Iringa ilipata ushindi wimbo ulipokaa karibu na mizani. Kila kijiji kiwe na mizani yake: ya watoto, ya viazi, na ya ahadi za viongozi.

(d) Kiongozi akae miongoni mwa watazamaji, si meza kuu. Akiigizwa, ajibu kwa hoja. Akiwa na kosa, akiri. Kada anayejua kuhutubia tu amejifunza nusu ya kazi yake. Nusu ya pili ni kusikiliza anapochekwa.

HITIMISHO

Tumesema kwamba burudani na ujumbe ni majibu mawili yenye kosa moja. Jibu sahihi, kwa maoni yetu, ni kwamba sanaa ya umma ni baraza. Ni mahali ambapo jamii inajiona, inajipima na kuamua. Baraza likinyang'anywa swali lake, hubaki ngoma tupu, na ngoma tupu haimshibishi mtoto.

Yule mama wa Mufindi bado anatudai jibu. Hakuuliza swali la kisanii. Aliuliza swali la kiuchumi na kisiasa, na alilipata mdomoni mwake kwa sababu igizo, pamoja na udhaifu wake wote, lilimgusa. Hapo ndipo kazi yetu ilipaswa kuanza, nasi tukaona ndipo ilipoishia. Ndugu kada, utakapoalikwa tena kutazama ngoma kijijini, usiondoke na gari la kwanza. Subiri maswali. Mwananchi akisimama, toa daftari.